Wazee Waliokuja Kukuombea Fildi

Sekei, Arusha
Alhamisi mchana

Mdogo wangu Solomoni,

Salamu zangu zikufikie hapo hosteli, na zikukute umekula, maana najua mkiwa na semina zenu mnashinda kwa soda na ile keki kavu. Sisi huku hatujambo. Baba Ruth yuko gereji kama kawaida. Ruth anaota meno ya juu, ananing'ata kila nikimnyonyesha halafu anacheka. Yeyo, mama yetu, naye kule nyumbani hajambo, anakusalimu sana. Anauliza kama kifua kimepona, na kama lile sweta alilokufumia bado unalivaa au umeshamgawia mtu kwa sababu halina jina la kampuni mgongoni.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu hunijibu. Nikikuandikia mambo ya maana unanirudishia kidole gumba. Sijui huko chuoni mmefundishwa kwamba kidole ni jibu, ila mimi niliishia darasa la saba na huko hawakutufundisha hivyo. Barua hii nimempa Violet, yule mwenzako wa darasani aliyepanga nyumba ya pili kutoka hapa kwetu. Nimemwambia akuwekee mkononi na asiondoke mpaka umalize. Kwa hiyo usimwambie utaisoma baadaye. Isome yeye akiwa amesimama hapo.

Ninajua hujapata fildi. Usimkasirikie Violet, mimi ndiye niliyemwuliza. Ninajua wenzako wengi wameshaandikisha ofisi watakazofanyia kazi likizo hii, na ninajua kesho Ijumaa ndiyo mwisho, na asiye na mahali atarudia mwaka. Kurudia mwaka, Solomoni. Wewe ambaye yeyo anakuombea kanisani Olkokola hata kabla ya wagonjwa. Sasa habari ninayokuletea ni ya hiyo fildi, na ndani yake kuna neno zuri, lakini sikupi kwanza. Ukilipata peke yake utalichukua ukimbie nalo, nakujua. Utalifikia ukiwa umeshapita katikati ya haya mengine.

Tangu wakuchague kuwa mratibu wa fursa wa klabu yenu ya kompyuta sijakuona shingo tupu. Hata siku uliyokuja kumwona Ruth alipozaliwa ulikuja na kitambulisho kinaning'inia kifuani, kimeandikwa MSHIRIKI. Nikajiuliza huyu anashiriki nini hapa, maana kujifungua nimejifungua mimi. Kutwa nzima naona matangazo yako kwenye simu. Fursa ya mashindano ya kutengeneza programu. Fursa ya semina ya mtandaoni. Fursa kwa vijana wenye maono. Changamkia, mwisho leo saa sita usiku. Unawaamsha chuo kizima wakachangamkie, na wewe mwenyewe huna hata moja mkononi. Sijawahi kuona mtu anaalika watu karamuni huku yeye amelala njaa, halafu anajiita mratibu.

Ukaniambia umekuwa balozi. Mimi na ujinga wangu nikamwambia Baba Ruth mdogo wangu amekuwa balozi, akauliza wa nchi gani. Kumbe balozi wa kampuni ya vifurushi vya simu, kazi yenyewe ni kubandika karatasi kwenye ukuta wa kantini na kupiga picha umenyanyua dole. Ujira wake cheti. Kwa vyeti ulivyonavyo tungeezeka banda la ndama na vingine vikabaki vya kuzibia upepo. Na zile fulana ulizoniachia nimezikata nepi. Kwa kazi hiyo nazisifu, zinanyonya maji vizuri.

Hayo yote nilikuwa nayacheka tu, nikisema ni utoto. Kilichonitoa kicheko ni yale mashindano ya mwezi uliopita. Violet alinionyesha video. Umepanda jukwaani na Godwin, mwenyekiti wenu, mnaeleza programu yenu ya kuwakomboa wafugaji. Ukasema wafugaji wa kaskazini wanaishi gizani. Halafu nyuma yenu, ukuta mzima, ikatokea picha ya mzee amesimama na ng'ombe. Nikasogeza simu karibu. Ni Baba. Ile picha uliyompiga Pasaka, ukamwambia atulie ni ya kumbukumbu. Ukamnyooshea kijiti, ukasema, huyu ni mfano wa mtumiaji wetu. Hukusema ni baba yako. Hukusema hata jina lake. Mkapigiwa makofi, mkapewa cheti cha kushiriki, na Baba mpaka leo hajui kwamba yuko gizani.

Sikukuambia kitu. Nilijua utanitumia kidole.

Sasa turudi Pasaka, maana hapo ndipo jambo lilipoanzia. Unakumbuka usiku ule, umekaa na Baba na baba mdogo Lesikar kwenye zizi, wakakuuliza masomo yanaendaje. Ukawaeleza habari ya fildi, kwamba kuna kampuni moja kule Njiro inayotengeneza mifumo ya kompyuta ya mahoteli, unaitamani kuliko zote, umeshaiomba na haijajibu. Baba akauliza ulikwenda kuomba na nani. Ukasema hukwenda, ulituma barua pepe. Akauliza tena, lakini ulikuwa na nani. Ukasema peke yako, kitandani. Wazee wakaangaliana. Baba mdogo akasema ndiyo maana wamenyamaza, wanashangaa ni mtoto gani huyu anaomba kitu kwenye nyumba ya watu kama vile hana kwao. Kwetu hata dume la mbegu haliendi kuombwa na mtu mmoja. Wewe ukacheka mpaka ukakohoa, ukawaambia dunia imebadilika wazee wangu, ukaingia ndani kuchaji simu. Ulifikiri yameishia hapo.

Juzi Jumanne walishuka mjini asubuhi, wakanipitia hapa Sekei. Baba amevaa koti alilovaa kwenye harusi yangu, shuka juu yake. Baba mdogo ana fimbo yake nyeusi ya vikao. Wamebeba kibuyu cha maziwa ambacho yeyo alikifukiza mwenyewe alfajiri, na sukari, na blanketi jipya jekundu. Nikauliza blanketi ni la nini. Baba mdogo akaniangalia kama mtu aliyelelewa na nyani, akasema kila nyumba ina mama, na ukienda kuomba kwenye nyumba unamfunika mama wa hapo. Nikamwambia baba mdogo, ile ni ofisi. Akasema basi na ofisi ina mama wake. Niliona hapa hakuna wa kumzuia, nikamfunga Ruth mgongoni, nikawaongoza.

Getini hatukusumbuliwa, mlinzi ni mtu wa Monduli, akawaamkia vizuri na kuwafungulia. Msichana wa mapokezi ndiye aliyehangaika. Aliuliza wana miadi na nani. Baba akajibu kwa upole kwamba na mwenye nyumba. Akauliza wanatoka kampuni gani. Baba mdogo akamtajia ukoo. Yule dada akapiga simu juu, akatukalisha kwenye viti vile vya kuzama, kibuyu kikakaa juu ya meza ya kioo katikati ya magazeti. Ruth akachafuka, nikaenda naye chooni kumbadilisha.

Nilipokuwa narudi nikasikia kelele za vijana, na mkaingia. Kumi na kitu hivi, fulana za bluu zinazofanana, vitambulisho shingoni, mmekuja kwenye ziara ya klabu. Nikakuona katikati. Solomoni, nilifurahi. Nilisema moyoni Mungu huyu, amewakutanisha palepale, sasa atawaamkia wazee na mambo yatakuwa mepesi. Nilikuwa mlangoni mwa ule ujia, nyuma ya kile chungu kikubwa cha maua, ndiyo maana hukuniona. Godwin akawatazama wazee, akatazama kibuyu, akakutazama wewe, akakuuliza kwa utani kama wale ni ndugu zako, maana paji la uso ni lilelile. Wewe ukaangalia kibuyu kwanza. Nilikuona. Halafu ukaangalia simu yako.

Ukasema, "Hapana bwana. Nadhani wamekuja kuuza maziwa."

Wenzako wakacheka. Violet hakucheka, nikwambie na hilo. Mkapanda ngazi.

Nilitaka kukuita kwa jina lako la nyumbani, lile usilolipenda, niliite mpaka lifike ghorofa ya juu. Baba mdogo alikuwa amesinzia juu ya fimbo yake, hakujua lolote. Nikamwangalia Baba. Alikuwa amegeukia dirishani, anatazama magari yanavyopaki. Nikamshukuru Mungu kwamba hakukuona na hakusikia, nikaona nikikuita nitakayemuumiza ni yeye. Nikakaa. Nikampa Ruth ziwa, naye akaning'ata, na safari hii sikusikia hata maumivu.

Akashuka mama mmoja wa makamo, suruali na raba, nikadhani ni wa usafi. Kumbe ndiye mkurugenzi, Mama Evaresta, Mchaga wa Kibosho. Akawaamkia wazee shikamoo, akauliza awasaidie nini. Baba mdogo Lesikar akasimama. Unamjua anavyosimama, hafungui mdomo mpaka chumba kitulie. Hata yule dada wa mapokezi akaacha kuandika.

Akasema, "Mama, tumepita njiani tukaona moshi unatoka kwako. Sisi tuna kijana, hana pa kuota moto. Tumekuja kukuomba umsogezee kigoda."

Nilimfunika Ruth uso badala ya kufunika wangu. Nilingoja mama wa watu aite mlinzi. Hakuita. Aliwatazama, akatazama blanketi, nikaona midomo yake inataka kucheka na inakatazwa. Akavuta kiti, akakaa hapohapo mapokezini, akauliza kijana ni wa nani. Baba akasema ni wangu. Mama akasema kwao Kibosho ombi kama hili halijibiwi siku hiyohiyo, wageni wanarudishwa hata mara tatu, lakini kwa kuwa vyuo vina tarehe zao ataikata mila kidogo, babu zake watamsamehe. Akaletewa kompyuta yake, akauliza jina lako, akaitafuta barua pepe yako, akaipata. Akaisoma kimya, halafu akatusomea kidogo. Kwamba wewe ni mbunifu, mchapakazi, kiongozi, unaweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Akasema amepokea barua nyingi mno mwaka huu na zote zimeandikwa hivyohivyo, kama vile vijana wote wa Arusha ni viongozi na hakuna wa kuongozwa. Akaangalia alama zako, akasema si mbaya. Sikudanganyi, alisema si mbaya, nikaona kifua cha Baba kinapanda.

Akauliza yuko wapi sasa huyo kijana. Mimi nikainamisha macho. Juu ya vichwa vyetu, kwenye dari, nilikuwa nasikia mnavyocheka.

Baba akasema, "Yuko masomoni, mama. Angepata nafasi angekuja mwenyewe."

Mama Evaresta akakubali. Neno zuri nililokuahidi ni hilo, umelifikia. Una fildi. Hutatengeneza programu ya kumkomboa mtu yeyote, tuelewane. Utakaa na watu wanaopokea simu za mahoteli, hoteli ikisema printa haitoi risiti utakwenda, utapiga magoti chini ya kaunta na kutafuta waya. Amesema wote huanzia hapo na wanaofaa husogezwa. Barua yake ya kukukubali ameigonga muhuri palepale, iko nyuma ya karatasi hii. Ingekuwa juu yangu ningeikalia mpaka uje uipigie magoti. Baba ndiye aliyesema uletewe kabla ya Ijumaa, usije ukachelewa kuandikisha.

Ila mama yule aliweka sharti. Jumatatu saa mbili asubuhi hutaingia peke yako. Amesema wazee ndio walioomba, basi wazee ndio watakaokuleta, anataka kukupokea kutoka mkononi mwao. Akalichukua blanketi, akajifunika mabegani palepale, akawashukuru, akapanda nalo juu.

Najua alipanda nalo kwa sababu jioni niliona picha uliyoibandika. Umesimama pembeni ya mkurugenzi, umetabasamu, na chini umeandika unajivunia kukutana na kiongozi anayeenzi utamaduni wetu. Blanketi hilo, Solomoni, limenunuliwa na yeyo. Ameuza kuku wake wa kutaga kwa ajili ya hilo blanketi. Watu wamekupigia mioyo mingi sana, mimi nilikuwekea kidole gumba. Sijui kama ulielewa.

Na kabla hujaanza kusema mila zimepitwa, mwulize Godwin fildi yake aliipataje. Violet anasema anaanza ofisi hiyohiyo, Jumatatu hiyohiyo, na aliyemtafutia ni mjomba wake kwa simu moja tu. Kwa hiyo naye ameombewa na wazee wake. Nyinyi mnaiita koneksheni, mnaionea fahari. Wa kwako walikuja wenyewe na kibuyu, hapo ndipo ukaona aibu. Ungejua ninavyokudharau ninapoandika hapa ungeziba macho. Nakupenda, nimekubeba mgongoni tangu sina nguvu za kubeba ndoo, lakini nakudharau, na vyote viwili nimevibeba tangu juzi pamoja na mtoto.

Sasa nikuambie lile ambalo nimelizunguka.

Tulipotoka tukaenda soko la Kilombero, kwenye kibanda cha chai, tungoje gari lao la jioni. Baba mdogo akatoka kwenda kutafuta ugoro. Tukabaki mimi na Baba na Ruth. Baba akawa anamchezea Ruth vidole vya miguu, kimoja kimoja. Halafu bila kuniangalia akaniambia nisimweleze baba mdogo kwamba tulimwona. Nikajifanya mjinga, nikauliza tulimwona nani. Akasema sauti yako anaijua tangu ulipokuwa unalia kwenye banda la ndama, hawezi kuikosa kwenye chumba cha viti vinne. Alikusikia, Solomoni. Neno zima, na la maziwa. Nikamwuliza, Baba, sasa mbona uligeukia dirishani. Akasema alikuona umebanwa mbele ya wenzako, akageuka ili upate njia ya kupita.

Nikalia hapo kibandani mbele ya watu na chai yao. Yeye akaninyamazisha kama vile mimi ndiye niliyetukanwa. Akanipa ujumbe wako wa Jumatatu, akaniagiza niuandike kama ulivyo, nisiongeze wala kupunguza.

Alisema, "Mwambie atangulie yeye. Mimi nitakuwa nyuma kidogo, wenzake wasinione. Wakishaingia nitamwambia mlinzi mimi ni mtu wa maziwa, nipande kwa yule mama peke yangu."

Huo ndio ujumbe wake. Nimeuandika bila kuongeza. Ninayoongeza sasa ni yangu mimi.

Baba atashuka Jumapili peke yake, baba mdogo asije akajua, alale kwangu, kwa sababu hataki kuchelewa. Jumatatu saa moja na nusu atakuwa nje ya geti lile la Njiro, na mimi nitakuwa ng'ambo ya barabara na Ruth mgongoni. Sitakuita. Sitakupungia mkono. Godwin atakuwepo na fulana yake. Ukitangulia kama alivyosema, utaingia, na fildi utaipata, maana mzee amepania kukufichia mpaka mwisho, na hakuna mtu duniani atakayejua isipokuwa mimi na wewe na Violet, na yeye mwenyewe. Utapita mwaka. Utapata na kazi, labda. Lakini jina langu usilitaje tena kwa mtu ukasema una dada.

Au utakwenda pale aliposimama, palepale getini magari yakipita, utamwinamishia kichwa kama mtoto wa kwao, na utangoja mpaka mkono wake ukuguse utosini. Halafu utamgeukia Godwin umwambie yule mzee wa kwenye ukuta wenu anaitwa nani. Ni dakika moja tu ya aibu. Umeshaingia mashindano magumu zaidi kwa ajili ya cheti.

Mimi naamini utainama. Nakudharau hivi kwa sababu naamini. Ningekuwa nimekukatia tamaa nisingehangaika na kalamu, mtoto analia hapa na maharage yananusa kuungua.

Msalimie Violet, umshukuru kwa kusimama muda wote huu. Baba Ruth anakusalimu, anasema gereji kuna kompyuta ya kupima magari imegoma, siku ukiwa na nafasi upite, lakini uje bila kitambulisho. Yeyo anakusalimu tena. Hajui lolote, yeye anajua tu kwamba blanketi limepokelewa, na tangu juzi anaimba. Ruth angekusalimu, ila mdomo umejaa kona ya karatasi hii, ndiyo maana imelowa hapo chini.

Jumatatu vaa lile sweta.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja,
Nalepo, Mama Ruth